Tathmini ya huduma baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: miezi sita na kijitabu cha kurasa 12

Ninachokitathmini hapa si upasuaji wenyewe. Kazi ya daktari aliyenipasua siwezi kuipima, kwa kuwa nilikuwa nimelala fofofo, na matundu matano aliyoyaacha tumboni mwangu yamefunga bila usaha wala homa. Ninachokitathmini ni kile ambacho hospitali ile ilikiita huduma ya ufuatiliaji, yaani kila nilichokabidhiwa tangu nilipozinduka hadi mwisho wa mwezi wa sita: kijitabu cha kurasa 12, namba ya simu, miadi minne na mtaalamu wa lishe, makopo ya protini ya unga, vitamini za kutafuna, na ahadi kwamba sitaachwa peke yangu. Jina la hospitali nalihifadhi, kwa sababu nilipozungumza na wagonjwa waliopasuliwa kwingine niligundua kwamba kasoro nitakazozieleza hazikuwa za hospitali ile pekee.

Upasuaji niliofanyiwa ni ule unaoondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Jambo hili nililielezwa vizuri, tena kwa picha. Nisiloelezwa ni kwamba sehemu inayokatwa ndiyo hasa iliyokuwa na kazi ya kutanuka chakula kinapoingia, na kwamba mrija unaobaki ni mgumu, hauna subira, na shinikizo ndani yake hupanda haraka hata kwa vijiko vichache. Laiti ningelijua hilo siku ya kwanza, nisingelihangaika wiki nzima nikidhani kwamba kuna kitu kimepasuka ndani. Kila nitakachosema kuhusu maumivu ya kula kinatokana na mrija huo.

Nianze na wodini, ambako huduma ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Niliamka nikiwa tayari kwa maumivu ya tumbo, nikakuta kinachoniuma zaidi ni bega. Kijitabu kilisema tu kwamba "unaweza kuhisi maumivu kiasi", sentensi ambayo haimsaidii mtu anayelia saa nane za usiku akiwa ameshika bega ambalo hakuna aliyeligusa. Muuguzi wa zamu alivuta kiti akanieleza kwamba katika upasuaji wa matundu tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona, kwamba gesi inayobaki huusumbua msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na kwamba neva ya msuli huo inatoka shingoni, hivyo ubongo huyasoma maumivu yake kama maumivu ya bega. Kisha akanisimamisha tukatembea ukumbini, hatua chache, tukapumzika, tukarudia. Dawa haikufanya kazi kubwa kama kule kutembea. Siku ya nne bega lilikuwa limetulia.

Dawa za maumivu nazo zilipangwa kwa uangalifu. Nilipewa parasetamoli ya maji kwa saa maalumu badala ya kusubiri niombe, na nilionywa, kwa maneno ya kueleweka, nisiguse dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa huweza kuchimba vidonda katika tumbo lililoshonwa upya. Onyo hili ni zito zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha kijifuko cha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sehemu hii ya huduma naipa alama zote.

Matatizo yalianza na maji. Kijitabu kiliagiza lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa mafunda madogo, na hapo kikanyamaza. Nilipofika nyumbani nikiwa na kikombe kidogo cha dawa chenye mililita 30, nilikaa nikapiga hesabu ambayo ilipaswa kuwamo kijitabuni: ukimaliza kikombe kimoja kila dakika 15, unapata mililita 120 kwa saa, na ili ufikishe lita moja na nusu unahitaji saa kumi na mbili na nusu bila kusimama. Kunywa, basi, ni kazi ya kutwa nzima. Anayedhani atakunywa akimaliza shughuli zake atafika jioni ameishiwa maji, kichwa kinamgonga na mkojo una rangi ya majani ya chai. Siku za mwanzo maji baridi yalinishukia kama kokoto, kila funda likifuatwa na mkazo chini ya kifua, ilhali maji ya uvuguvugu yalipita. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliona kinyume kabisa. Alisema ya uvuguvugu yanamtia kichefuchefu. Sentensi moja tu ya kutuambia tujaribu hali zote mbili ingetosha.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa, nayo ni kalenda. Kijitabu kiligawa kupona kwa wiki: wiki mbili za vinywaji, kisha vyakula vilivyosagwa, kuanzia wiki ya tano vyakula laini, na kuanzia wiki ya nane chakula cha kawaida. Mpangilio wenyewe hauna kosa. Hospitali nyingi hufuata unaofanana nao, zikitofautiana kwa siku chache. Kosa ni kwamba uliandikwa kama ratiba ya treni. Hapakuwa na neno lolote la kumwambia mgonjwa afanye nini ikiwa tarehe imefika na tumbo halijafika. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kufuata maagizo, siku ya kwanza ya wiki ya tano nilijipikia yai la kuvuruga, nikakaa mezani kwa furaha ya mtu aliyerudi kwao.

Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Cha tatu nilikimeza kabla cha pili hakijashuka, na ndipo nilipojua maumivu ambayo hakuna aliyenitajia. Hayakuwa ya tumbo. Yalikaa nyuma ya mfupa wa kifua, kama tonge la mkate mkavu lililogoma kupanda na kugoma kushuka, na yalienea mpaka mgongoni katikati ya mabega. Mate yakaanza kujaa kinywani, mengi, mazito, yenye povu, nikawa nayatema kwenye bakuli kwa zaidi ya nusu saa. Nilijaribu kunywa maji ili nisukume chakula, kosa ambalo hufanywa na karibu kila mtu kwa mara ya kwanza, na maji nayo yakakaa juu ya yai. Mwishowe vyote vilirudi. Waliopitia hali hii huifahamu vizuri: mate hayo ni ute ambao kinywa na koo hutengeneza ili kulainisha kilichokwama, na kwa kuwa njia imeziba, ute hauna pa kwenda ila kinywani. Ni hali ya kutisha lakini kwa kawaida hupita yenyewe, mradi mtu aache kula na kunywa, asimame au atembee polepole, na kusubiri. Aya moja ya namna hii ingeniokoa na hofu ya usiku kucha.

Nilipiga simu. Namba iliyoandikwa kwenye jalada, chini ya maneno "tuko nawe saa 24", ilipokelewa na mtu wa mapokezi aliyenishauri nipige saa za kliniki. Nilikata simu nikiwa na hasira kuliko maumivu. Asubuhi nilipiga tena, na safari hii nikakutana na muuguzi ambaye peke yake ndiye sababu ya nyota mbili kati ya hizi ninazotoa. Hakunipa pole ndefu. Aliniuliza kwa mpangilio: Maji yanapita sasa, mama, au nayo yanarudi? Maumivu yako wapi, yanakuja unapokula tu au yapo hata usipokula? Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, tuhesabu mapigo pamoja. Una homa, unatetemeka, unapumua kwa shida? Mkojo wa mwisho ulikuwa lini, na rangi yake ikoje? Nilipomaliza kujibu, alinieleza kwa nini aliuliza kila swali. Maumivu yanayokuja na tonge na kuondoka tonge likiondoka mara nyingi ni ya kula haraka au chakula kigumu. Maumivu yasiyokoma, hasa yakifuatana na homa, pumzi fupi au mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia, yanaweza kuashiria kwamba mshono wa tumbo unavuja, na huyo hapaswi kusubiri miadi wala kupiga simu ya pili. Anakwenda hospitali saa ile ile. Na asiyeweza kushusha hata maji hapaswi kukaa nyumbani akihesabu siku.

Mazungumzo yale hayakuzidi dakika 10. Sijui kwa nini maneno yake hayakuwa ndiyo ukurasa wa kwanza wa kijitabu, ambao badala yake ulikuwa na picha ya mwanamke mwembamba akicheka na tufaha.

Miadi ya lishe ilikuwa na sura mbili. Ile ya kwanza na ya pili nilipandishwa kwenye mizani, nikapongezwa, nikaambiwa niongeze protini. Hakuna aliyeniuliza ninakulaje. Uzito ulikuwa unashuka, kwa hiyo kila kitu kilihesabiwa kuwa sawa, ilhali sehemu ya uzito ule ilikuwa ni chakula nilichokuwa nikikitapika. Huu ni upofu wa ajabu wa huduma za namna hii: namba wanayoifurahia kliniki ni ile ile ambayo ingeshuka hata kama mgonjwa anaangamia. Miadi ya tatu nilimkuta mtaalamu mwingine, kijana mtulivu, ambaye aliweka bakuli la mtindi mezani akasema, "Naomba ule mbele yangu." Alinitazama vijiko vitatu tu akaona kilichoshindikana kuonekana kwa miezi miwili. Kijiko changu kilikuwa cha mtu mzima. Alinipa cha mtoto mchanga. Sikuwa nikikiweka chini kati ya tonge na tonge. Alinitaka nikiweke, nihesabu mpaka dakika ipite, ndipo nikichukue tena. Nilikuwa nikinywa maji wakati wa kula. Akanieleza nitenganishe, nisubiri nusu saa hivi baada ya chakula. Nyama nilikuwa nikiitafuna kama nilivyozoea. Akataka itafunwe hadi iwe kama uji kabla haijamezwa, na akaongeza kwamba nyama kavu, mkate laini na wali ndivyo vinavyowakwama watu wengi, kwa kuwa kimoja hakilainiki na vingine hushikana na kuvimba.

Kisha akanifundisha shibe mpya, somo ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko makopo yote ya protini. Shibe niliyoizoea ilikuwa ya tumbo zito. Shibe ya mrija haiji hivyo. Huja kama kwikwi moja, au kamasi jepesi linalotiririka ghafla, au chafya, au mgandamizo mdogo chini ya mbavu, na ikishafika, kijiko kimoja zaidi ndicho kinachogeuka kuwa maumivu. Mimi kwikwi nilikuwa naipuuza kila siku. Tangu nijifunze kuiheshimu, nusu ya taabu zangu zilikwisha ndani ya wiki moja.

Nusu iliyobaki haikuwa kosa langu. Kabla ya miadi ile ya tatu nilikuwa nimetapika siku tisa mfululizo, na yule muuguzi wa simu, aliposikia hesabu hiyo, hakunipa nafasi ya kubishana. Nililazwa usiku ule. Kabla ya kuwekewa dripu yenye sukari nilidungwa vitamini B1, yaani thiamini, na nilipouliza niliambiwa kwamba mwili hauna akiba kubwa ya vitamini hiyo, huisha katika wiki chache za kutapika, na kwamba sukari ikitangulia kuingia kwa mtu aliyepungukiwa inaweza kuharakisha madhara kwenye ubongo: kuchanganyikiwa, macho kuyumba, miguu kupoteza mizani, na mengine yasiyorudi nyuma. Nilikitafuta kijitabu kwenye mkoba nikakisoma upya kitandani, ukurasa kwa ukurasa. Thiamini haikutajwa hata mara moja. Kunyonyoka nywele, ambako kweli huja kati ya mwezi wa tatu na wa sita na kwa kawaida hupita, kulipewa nusu ukurasa.

Siku iliyofuata nilipitishiwa kamera kooni. Njia ilikuwa wazi, haikuwa imebana kama walivyohofia, lakini sehemu ya chini ya koo ilikuwa imewiva kwa asidi inayopanda kutoka kwenye mrija. Nilipewa dawa ya kupunguza asidi kwa kipimo kikubwa zaidi, nikaambiwa nilale kichwa kikiwa juu na nisile karibu na muda wa kulala, na maumivu ya kumeza yakaanza kulegea. Hapa ndipo nilipo na kinyongo. Kiungulia nilikuwa nacho miaka mingi kabla ya upasuaji, na kinajulikana kuwa aina hii ya upasuaji inaweza kukiongeza au kukileta kwa asiyekuwa nacho, wakati ile ya kuunganisha tumbo na utumbo mara nyingi hukipunguza. Katika maandalizi niliulizwa kuhusu kisukari, shinikizo la damu na kukoroma usingizini. Kiungulia kilikuwa kisanduku kimoja kwenye fomu, nikakitia alama, na hakuna aliyerudi kunijadilisha. Huenda ningechagua upasuaji ule ule. Lakini ningechagua nikijua.

Kasoro nyingine nimeiona kwa wenzangu kuliko kwangu: kijitabu kilikuwa kimoja kwa upasuaji wa aina mbili. Yule wa kitanda cha jirani aliunganishwa tumbo na utumbo, na siku alipokunywa maji ya matunda yenye sukari, kama ukurasa wa vinywaji ulivyomruhusu, moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamkata na kuhara kukafuata, yote ndani ya nusu saa. Sukari nyingi inapomwagika moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba huvuta maji ya mwili na kuamsha homoni, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa wenye upasuaji kama wake. Yeye pia ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ya maungio kubana katika wiki za mwanzo, hali inayotibiwa kwa kupitisha puto dogo na kulitanua. Kutuandikia sote ukurasa mmoja ni sawa na kuwapa wenye miguu tofauti kiatu cha namba moja.

Kuhusu vilivyomo ndani ya mkoba nitakuwa mfupi. Protini ya unga ilikuwa tamu kupita kiasi, na kwa kuwa ladha hubadilika baada ya upasuaji, utamu niliokuwa nikiupenda uligeuka harufu isiyovumilika. Ukiitikisa kwenye chupa hutoa povu, na povu ni hewa, na hewa ndani ya mrija ni maumivu. Iache itulie dakika 20 kabla ya kunywa. Ile isiyo na ladha ni bora zaidi, ukiikoroga kwenye supu iliyopoa kidogo, kwa sababu ya moto sana huifanya igande madonge. Kipimo kimoja kilikuwa na gramu 25, hivyo viwili kwa siku vilinisogeza karibu na gramu 60 nilizoagizwa kama kiwango cha chini. Vitamini za kutafuna zinavumilika, ila ratiba iliyobandikwa kwenye kopo iliweka madini ya chuma na kalsiamu katika saa ile ile, ilhali vinapaswa kuachanishwa kwa angalau saa mbili ili kimoja kisizuie kingine kufyonzwa. Kosa dogo, lakini vitamini hizi mtu huzitumia maisha yake yote.

Mikutano ya wagonjwa ilikuwepo, mara moja kwa mwezi, na ilinifaa zaidi kuliko nilivyokusudia kukiri. Ni huko tu nilikomsikia mtu mzima akisema, bila aibu, kwamba aliliombolezea chakula kama anayeomboleza marehemu, na kwamba kula mbele ya watu kulikuwa kumeanza kumtia hofu kwa kuogopa kukwama mezani.

Kwa jumla natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za muuguzi wa simu, kama nilivyosema, na moja inagawanywa kati ya wodi na yule kijana wa bakuli la mtindi. Mbili nilizozuia ni za kijitabu, namba ya saa 24 isiyo ya saa 24, na swali la kiungulia. Anayefikiria upasuaji huu nisingemzuia. Mimi mwenyewe leo napanda ngazi bila kusimama katikati na dawa za shinikizo la damu zimepunguzwa. Ningemwomba tu, kabla hajatia sahihi, aulize ni nani hasa atakayepokea simu usiku, aombe kijitabu cha upasuaji wake na si wa jumla, aulize watafanya nini ikiwa wiki ya tano itafika naye bado hajaweza kumeza yai, na alitaje tatizo la kiungulia kwa mdomo hata kama fomu imeshaliuliza.

Mwisho wa mwezi wa sita nilipewa fomu ya maoni. Ilikuwa na visanduku vya usafi wa vyoo, muda wa kusubiri, lugha ya wahudumu na maegesho ya magari. Cha kumeza hakikuwepo. Niligeuza karatasi, nikayaandika nyuma yake yale maswali ya muuguzi, yote na kwa mpangilio wake, nikaomba yachapwe kwenye jalada mahali pa yule mwanamke wa tufaha. Karani wa mapokezi aliisoma, akaniuliza kama nimemaliza na upande wa mbele.